Jiwe la kusagia katikati ya mbuga ya Murchison: nani alisaga hapa?

Dereva_Bweyale (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni dereva wa watalii. Nimeingia na kutoka Murchison, mbuga yetu ya Uganda, tangu enzi za kuvuka Nile kwa feri pale Paraa, daraja halijajengwa bado, na nilidhani hakuna kichaka nisichokijua. Upande wa kaskazini kuna mahali twiga hupenda kusimama asubuhi. Kila safari nasimama hapo, wageni wanapiga picha, tunasonga mbele.

Mwezi uliopita nilimbeba mama mmoja mtu mzima, mtafiti wa historia. Kazi yake si wanyama peke yao wala watu peke yao. Anachunguza namna watu na wanyama walivyoishi pamoja tangu zamani, nani alimsukuma nani, nani alimlisha nani, nani alimuua nani. Wenzake wote kamera juu, yeye anachungulia chini ya dirisha.

"Lile jiwe mbona limebonyea katikati?"

Nikatazama. Jiwe la kusagia, wakuu! Lile lile la bibi zetu, bapa, limelika kwa kusagiwa miaka na miaka. Nimelipita mara ngapi sijui, sikuwahi kuliona kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye shingo za twiga.

"Nani alisaga hapa?"

Nikampa lile jibu letu madereva: hapa ni pori tangu dunia iumbwe, mama. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Njiani kurudi loji akanisimulia mambo ambayo yameninyima usingizi hadi leo. Sasa wageni wakishalala mimi nakaa garini na simu, nasoma.

Nilichopata ni hiki. Kati ya 1907 na 1912 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wote kutoka eneo la kilomita za mraba 13,000 hivi, sababu iliyotolewa ikiwa malale, ule ugonjwa wa usingizi. Mwaka 1910, watu wakiwa bado wanaondolewa, upande wa kusini wa Nile ukatangazwa hifadhi ya wanyama ya Bunyoro. Mwaka 1928 ikapanuliwa kuelekea Gulu. Mwaka 1952 ikawa mbuga ya taifa. Yaani hapo ninaposema "pori asilia" palikuwa na moshi wa jikoni, na babu yangu mzaa mama alikuwa tayari amezaliwa.

Hata jina lenyewe! Paraa kwa Kiluo ni makao ya viboko. Mahali hapapati jina pasipo mtu wa kupaita.

Sasa kwa nini malale ilizuka wakati ule na si miaka mia kabla? Hapo ndipo yule mama alinitajia John Ford, Mwingereza mtaalamu wa wadudu aliyemfuatilia mbung'o, yule nzi anayeeneza malale, barani humu miaka mingi, kisha akaandika kitabu kikubwa kilichotoka 1971. Nitaeleza kwa lugha ya dereva. Mbung'o anataka vitu viwili, kivuli na damu. Kivuli anakipata vichakani, damu anaipata kwa ngiri, nyati, pongo na wenzao. Wazee wetu hawakuwa na dawa wala mtego, ila walikuwa na jembe, ng'ombe na moto. Watu wakilima kwa wingi, mifugo ikila, nyasi zikichomwa kwa msimu wake, kichaka kinarudi nyuma na mbung'o anarudi nacho. Hawakummaliza. Walikutana naye mpakani kidogo kidogo, na Ford anasema kule kukutana kidogo kidogo ndiko kulikowapa watu na ng'ombe nguvu ya kuustahimili ugonjwa.

Ndipo ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe. Iliingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikatufikia karibu 1890. Sehemu nyingi waliondoka ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyati nao walianguka. Njaa ikafuata, ndui ikafuata, na huku Bunyoro vita vya mfalme Kabalega na Waingereza juu yake, hadi alipokamatwa 1899. Mashamba yakakosa watu, malisho yakakosa midomo. Kichaka kikarudi. Nyati na ngiri wakazaana upya upesi kuliko ng'ombe, na mbung'o akaja mgongoni mwao.

Kwa hiyo mzungu alipofika na kitabu chake cha kumbukumbu alikuta nchi imejaa wanyama, imepungukiwa watu, akadhani ndivyo ilivyoumbwa.

Naomba wenye habari za wazee wao wachangie. Nataka kujua nani alisaga pale.

---

Kijana_wa_Ntinda

Uzi mrefu kama shingo ya twiga mwenyewe 😂 Nimeweka kigoda, endeleeni.

---

Nyabo_Kiruhura

Ssebo dereva, asante. Umeigusa sotoka, nami siwezi kupita kimya.

Mimi ni binti wa Kihima, wafugaji wa magharibi mwa Uganda. Kwetu ugonjwa ule wazee waliuita muryamo, na bibi alikuwa akilitaja jina hilo anashusha sauti kama anataja jina la marehemu. Yeye mwenyewe hakuuona, alisimuliwa na mama yake. Aliyemsimulia hakuanza na ng'ombe wangapi walikufa. Sisi ng'ombe hatuwahesabu, tunawajua. Kila mmoja ana jina, kwa rangi yake, kwa mabaka yake, kwa pembe zilivyokaa. Ukimuuliza mzee una ng'ombe wangapi umemtukana, ila ukikaa naye jioni zizini atawataja mmoja mmoja hadi atambue nani hajarudi. Basi bibi alisimuliwa hivi: mzee wa boma alisimama jioni akaanza kuita majina, na hakuna aliyeitika.

Nimesoma vitabu kadhaa vya historia vinavyosema asilimia 90. Sawa. Lakini kwa Mhima ng'ombe ndiye mahari, ndiye chakula, ndiye msamaha ukimkosea jirani. Hata tumbo letu lilikuwa na sheria zake: aliyekula maharage hanywi maziwa siku ile, kwa kuogopa kumdhuru ng'ombe aliyeyatoa. Watu wa namna hiyo ukiwaondolea ng'ombe wanakula nini? Wataolewa vipi? Wengi walikwenda kulima kwa majirani waliokuwa wakiwadharau. Hapo ndipo heshima ya jembe ilipoingia katika nyumba nyingi, ingawa leo hakuna anayetaka kukiri.

Na sasa muryamo mwingine umekuja taratibu, unaitwa Friesian. Baba yangu amebakisha wa pembe ndefu saba (ndiyo, nimehesabu, nisamehewe). Ndugu zangu wanasema wa kienyeji anatoa lita mbili tatu, wa kizungu anajaza ndoo. Kweli. Lakini hao wa ndoo wana namba sikioni, hawana majina.

---

Mdau_wa_Kawe

Habari kutoka Dar. Mada nzuri. Mleta uzi, ungemtafuta na Helge Kjekshus, Mnorwe aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1977 alitoa kitabu kilichomfuata Ford kwa upande wa Tanganyika: kwamba kabla ya 1890 watu waliitawala mazingira yao, kisha sotoka, funza, ndui na vita vya Wajerumani vikaivunja mikono yao, pori likala vijiji.

Ila tahadhari. Wanahistoria waliokuja baadaye, Juhani Koponen akiwemo, walimkosoa kwamba alipamba sana ile zamani. Njaa zilikuwepo. Vita vilikuwepo, na biashara ya watumwa ilikuwa imeshahamisha vijiji vingi kabla ya mzungu kuja. Tusije tukatoka kwenye hadithi ya "pori tangu Adamu" tukaingia kwenye hadithi ya "bustani ya Edeni iliyoharibiwa 1890". Zote mbili zinamfanya babu yako awe sanamu.

Halafu funza! Watu wanamsahau funza. Alitoka Amerika ya Kusini kwa meli hadi pwani ya magharibi ya Afrika mwaka 1872, akavuka bara zima kwa miguu ya wapagazi. Mdudu mdogo vile, vijiji vilishindwa kulima kwa sababu watu hawakuweza kukanyaga.

---

Mkweli_Mchungu

Mleta uzi, heshima yako, ila mnapenda sana kulia. Malale ilikuwa kweli au si kweli? Busoga na ufuko wa Buganda walikufa zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache tu. Madaktari wa hospitali ya Mengo, Kampala, waliwaona wagonjwa wa kwanza 1901. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakathibitisha kwamba anayeeneza ni mbung'o. Dawa ya maana haikuwepo. Wewe ungekuwa gavana ungefanya nini? Ungewaacha wakae na mbung'o ili wajukuu wao waje kukuta mawe ya kusagia yana wenyewe?

Kuwahamisha kuliokoa watu. Na leo watalii unaowabeba wanakulipa kwa sababu pori lipo. Unakula matunda ya mti unaoutukana.

---

Dereva_Bweyale

@Mkweli_Mchungu mkuu, umenipiga pabaya, na ni kweli ada ya watoto inatoka kwa twiga. Sibishi.

Wala sisemi malale ilikuwa ya kutunga. Ninalouliza ni hili: mgonjwa akilazwa, siku moja anaruhusiwa kurudi nyumbani. Hawa waliambiwa lini warudi? Ugonjwa ulipopungua, nyumba ilikuwa imeshapewa tembo.

@Mdau_wa_Kawe nimeipokea tahadhari. Bunyoro napo palikuwa na vita vyake kabla ya Mwingereza, sitaki kuficha.

@Nyabo_Kiruhura hayo majina yasiyoitika nimeyasoma mara tatu.

---

Mvuvi_wa_Kalangala

Hapa mmegusa kwetu. Mimi ni mtu wa visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, na kabla ya yote niwasahihishe wale wanaopenda kutuambia eti neno tsetse, jina la kizungu la mbung'o, limetokana na Ssese. Si kweli. Neno lile ni la Kitswana, kusini kabisa mwa bara. Msitubebeshe na jina.

Hesketh Bell, mkuu wa serikali ya kikoloni, mwaka 1906 ndiye aliyeanza kuwatoa watu ufukoni, maili mbili kutoka majini. Visiwa vyetu vikafuata miaka michache baadaye. Ssese ndiko kulikokuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, na mafundi wa mitumbwi waliompa kabaka, mfalme wa Buganda, jeshi la majini. Wote wakapelekwa bara, kwenye nchi ya watu wengine, na mvuvi asiye na maji ni kama ng'ombe wa Nyabo asiye na jina. Walioanza kurudi miaka ya 1920 walikuta msitu. Watalii wakija Kalangala wanasifu msitu "ambao haujaguswa". Bibi yangu alikuwa akiokota vigae vya vyungu kila akilima.

Ila dereva, kuna mahali umechanganya. Mbung'o wa kwetu si mbung'o wa kwako. Huyo wa nyika unayemsema anafuata nyati na ngiri vichakani. Wa ziwani anakaa chini ya miti iliyoinamia maji, na chakula chake kikubwa ni kenge. Ndiyo, kenge! Akimkosa kenge anamuuma mvuvi, mchota maji, mtoto anayeoga. Kwa hiyo ile hesabu ya ng'ombe kufa, kichaka kurudi, nyati kurudi, kwetu haifai kama ilivyo. Kwetu watu walikusanyika mahali palepale pa kushukia mitumbwi, kivuli kimoja, mbung'o walewale, wagonjwa wakichanganyika na wazima. Na misafara ya wageni kutoka kila upande ilikuwa imeongezeka miaka ile.

Hata dawa yake ilikuwa tofauti: kufyeka miti ya gatini tu kungesaidia sana. Badala ya kuuondoa mti wakamwondoa mtu.

---

Dereva_Bweyale

Duh. Kenge! Nimejifunza, mzee wangu. Nitarekebisha maelezo yangu kwa wageni. Wa kwetu wageni wanamjua vizuri, maana kila asubuhi nawakumbusha wasivae buluu wala nyeusi, ndizo rangi anazozifuata. Vile vitambaa vya buluu na vyeusi mnavyoviona vimetundikwa kando ya barabara ndiyo mitego yake. Kuna mgeni mmoja alinibishia akavaa jinzi. Alirudi hotelini amesimama, kukaa ameshindwa 😂

---

Senene_Masaka

Samahani kuharibu uzi mzito, lakini uhusiano wa mtu na mnyama mnauzungumza kama msiba tu. Mimi ni wa ukoo wa Nsenene. Novemba Masaka nzima inawasha mataa makali juu ya mabati, senene wanaanguka mapipani, barabara zote zinanukia kukaangwa, kilo inapanda bei kuliko nyama. Mimi peke yangu nimekaa pembeni nakula chapati, kwa sababu huyo ndiye muziro wangu, mwiko wa ukoo, na mtu hali ndugu yake.

Mke wangu ni wa ukoo wa Mmamba. Yeye hali kambare-mamba, mimi sili senene, watoto wamefuata wangu kwa hiyo wanamlilia mama yao awape kidogo wakati sipo. Nawaona mdomo unang'aa mafuta nanyamaza.

Ila fikirini kidogo. Koo za Buganda zinapita hamsini, na kila moja ina mnyama, ndege, samaki, mdudu au mmea wake asiyeliwa na wenyewe. Simba wana watu wao, chui wana watu wao, kakakuona, fungo, nyati, tumbili, wote wana wajomba. Hakuna kiumbe aliyeweza kuwindwa na kila mtu. Sisemi wazee walikuwa na idara ya wanyamapori, muziro ni wa kuoana na kutambuana kwanza. Lakini utamuua vipi kwa furaha mnyama ambaye ni shemeji yako?

---

Kijana_wa_Ntinda

@Senene_Masaka mimi ni Nkima, wa tumbili. Tumbili wa Entebbe walinipora ndizi na chaji ya simu. Undugu umevunjika rasmi.

---

Daktari_Mifugo_Teso

Nimestaafu, nilikuwa daktari wa mifugo Teso, mashariki mwa Uganda. Nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa niseme.

Watu wanadhani malale ni habari ya babu. Mwaka 1998 ilizuka Soroti, mahali ambapo haikuwa ikijulikana. Mbung'o walikuwepo siku zote, ila vimelea havikuwepo. Vilitoka wapi? Watafiti walifuata nyayo zikaishia mnadani. Teso ilikuwa imeporwa ng'ombe wake karibu wote katika miaka ya 1980, kwa uvamizi na kwa vita. Amani ilipoanza kurudi kila mtu alitaka angalau dume la kulimia. Wachuuzi wakaleta ng'ombe kutoka kusini, kwenye wilaya zenye ugonjwa. Watafiti walipohesabu, zaidi ya nusu ya ng'ombe wa mnadani walikuwa wametoka huko. Na ng'ombe mwenye vimelea vya malale vya kwetu mashariki haonyeshi kitu. Ananenepa, anang'aa, unamnunua kwa furaha, unampeleka nyumbani, mbung'o wa mtoni anamuuma yeye kisha anamuuma mwanao.

Ile sotoka ya dereva iliondoa ng'ombe, ugonjwa ukaja. Huku kwetu walikuja ng'ombe, ugonjwa ukaja nao.

Dawa tuliyoipata baadaye ni rahisi hadi inachekesha. Mbung'o anapomuuma ng'ombe anapenda miguu na tumbo. Kwa hiyo huna haja ya kumwogesha dawa ng'ombe mzima. Nyunyizia miguu na tumbo tu, gharama inashuka, mkulima anaweza. Ng'ombe anageuka mtego unaotembea. Nimezunguka vijiji na vijana wa Makerere wenye pampu mgongoni, watoto wanatufuata wakiimba.

Na sotoka yenyewe, maana mmeiacha hapo 1890 kana kwamba bado iko porini: imetokomezwa duniani, ikatangazwa rasmi 2011. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa kabisa baada ya ndui. Chanjo yake ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake pale Muguga, Kenya. Shida ilikuwa inataka barafu, na Karamoja, nchi kame ya wafugaji, barafu utaitoa wapi? Ikaja iliyovumilia joto, wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja, wakaibeba kwa miguu hadi kwenye maboma ambayo gari la serikali halikuthubutu kuyafikia. Wakaramojong ambao kila mtu anawaita wezi wa ng'ombe ni miongoni mwa watu walioifuta sotoka duniani. Hilo sijaliona kwenye bango lolote.

---

Mkweli_Mchungu

Daktari, hiyo ya Karamoja sikuijua. Nimevua kofia. Kwa mleta uzi bado sijavua.

---

Omera_Purongo

Mimi ni Mwacholi wa Nwoya, uani kwa mbuga yenyewe. Nimechelewa kuuona uzi huu, nilikuwa shambani nalinda mihogo usiku.

Nimesoma maneno ya huyo Ford wa dereva mara mbili, nikampigia kaka yangu nikamsomea. Tukacheka, ile kicheko isiyo ya furaha. Kwa sababu sisi hatukuhitaji kitabu cha 1971, tumeyaona kwa macho yetu.

Mwaka 1996 tulipelekwa kambini. Serikali ilisema ni kwa usalama wetu, waasi wasitufikie. Nilikuwa darasa la nne. Tulikaa kambini miaka kumi na zaidi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha zamani, mashamba hayakulimwa, hakuna aliyechoma nyasi, hakuna mbwa aliyebweka kule. Tuliporudi 2008 baba alisimama barabarani akashindwa kuonyesha nyumba yetu ilipokuwa. Miti! Nyasi za kumfunika mtu. Tuliutambua uwanja kwa mwembe wa babu peke yake, na chini ya mwembe palikuwa na mavi ya tembo, mapya.

Tembo hawakuwa wamekosea. Kwa miaka kumi ile palikuwa pao. Kuna ndama waliozaliwa pale, wakajua mwembe wetu ni wao, mto wetu ni wao. Sisi tuliporudi na majembe, kwao tulikuwa wavamizi. Hadi leo wanakuja usiku, wanakula mihogo, mahindi, mtama. Tunapiga madebe, tunachoma pilipili iliyochanganywa na mavi ya ng'ombe, ule moshi hawaupendi. Sehemu nyingine wameweka uzio wa umeme. Sheria ya wanyamapori ya 2019 imesema aliyeharibiwa alipwe fidia. Wenye kulipwa wajitokeze hapa tuwaone sura.

Lakini hili ndilo lililonitoa kitandani kuandika. Kama tungekaa kambini miaka arobaini badala ya kumi, ingekuwaje? Baba angekufa, mwembe ungeanguka. Angekuja mtu na ramani akasema hapa ni pori, tembo wengi, tupanue mbuga. Na dereva angewaambia wageni ni pori tangu dunia iumbwe.

@Mkweli_Mchungu, sisi pia tuliambiwa tunahamishwa ili tuokolewe.

---

Mkweli_Mchungu

Pole, omera. Sina jibu la hilo.

---

Mtu_wa_Kisoro

Nitasema kwa kifupi maana naandika kwa simu ya kuazima. Huku kwetu haikuwa malale wala vita. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa mbuga za taifa, Wabatwa, wenyeji wa msitu tangu zamani, wakatolewa. Hawakuwa na mashamba ya kuonyesha, kwa hiyo wengi hawakulipwa kitu. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilisema walionewa, wafidiwe. Kibali cha kumwona sokwe wa milimani kwa mgeni ni dola 800 kwa saa moja. Kuna Wabatwa wanaolipwa kuwachezea wageni ngoma na kuwaonyesha walivyokuwa wakiwasha moto kwa vijiti. Ndani ya msitu wenyewe wanaingia kwa ruhusa.

Sokwe wamepona, niseme ukweli. Hesabu ya 2018 ilikuta 459 upande wa Bwindi, na ni wengi kuliko zamani. Mimi ni mpagazi, nawabebea wageni mabegi, sokwe wananilisha. Nyuma yangu kuna mzee Mbatwa anayejua kila mti pale, naye kazi hana.

---

Nyabo_Kiruhura

@Omera_Purongo, huo mwembe bado upo?

---

Omera_Purongo

Upo, dada. Msimu huu umezaa. Tembo waliwahi kabla yetu 😅

Jamani kuna jambo. Nimemsomea bibi uzi huu jana, yule wa upande wa mama, ana miaka tisini na kitu. Habari za Ford hazikumgusa. Jiwe ndilo alilolishika. Ameniuliza maswali ambayo siwezi kumjibu, kwa hiyo dereva nayaleta kwako.

Kwanza, jiwe limebonyea vipi? Kama ni kwa urefu, kama mtumbwi, basi lilikuwa la kusagia wimbi au simsim, mkono unakwenda na kurudi. Kama ni shimo la duara, hapo palikuwa pa kupondea tu. Pili, ameuliza kama mtoto wake yupo. Anamaanisha lile jiwe dogo la juu, la kushika mkononi. Anasema mwanamke anayehama kwa haraka hawezi kubeba mama, yaani jiwe kubwa la chini, ni mzito mno. Anamwacha. Mtoto anambeba, kwa sababu jiwe dogo lililokwisha kuuzoea mkono halipatikani hivi hivi. Ukimkuta mama na mtoto pamoja, basi mwenye nyumba alifia pale. Ukimkuta mama peke yake, mwenye nyumba alifika alikokwenda, na mtoto yuko jikoni kwa wajukuu mahali fulani.

Nimeuliza: bibi, wewe lako la juu ulilitoa wapi? Akasema kwa mama mkwe. Na yeye? Kwa mama mkwe wake. Sikuuliza zaidi.

---

Dereva_Bweyale

Wakuu nimerudi. Alhamisi nilikuwa na wageni wanne, nikawapeleka kwa twiga kama kawaida. Kushuka garini pale hairuhusiwi, renja alikuwa nyuma yetu, kwa hiyo nilifika karibu kadiri njia inavyoruhusu nikaazima darubini ya mgeni mmoja. Aliniuliza natafuta chui? Nikasema ndiyo, nisimwandikie uzi mzima pale.

Omera, mwambie bibi hivi. Limebonyea kwa urefu, kama mtumbwi. Upande mmoja umelika zaidi ya mwingine, nadhani ndiko alikokuwa akikaa.

Nimezunguka na darubini kila upande, kwenye nyasi zote zilizolizunguka. Jiwe dogo sikuliona. Kulikuwa na ngiri amelala kando yake, mgongo ameuegemeza kwa mama, na hakusogea hata tulipowasha gari.